Kuomba ridhaa upya: si kila orodha inahitaji

Mei 2018 masanduku ya barua pepe barani Ulaya yalifurika ujumbe wa aina moja kutoka kwa wafanyabiashara wenye orodha za anwani za wateja: thibitisha kwamba bado unataka tukuandikie, la sivyo tunakuondoa. GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilianza kutumika tarehe 25, na faini yake ya juu, euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani kote, iliwatia watu hofu.

Waliouliza upya walikuwa na hoja nzito. Chini ya kanuni hiyo, anayetegemea ridhaa lazima aweze kuithibitisha. Ukimya hauhesabiki, wala kisanduku kilichowekwa tiki kabla mtu hajakigusa. Sasa mwenye orodha iliyookotwa kwa miaka, fomu ya bahati nasibu huku, kadi za biashara kule, atathibitisha nini? Hana tarehe, hajui hata mteja alisoma maneno gani alipoandika anwani yake. Huyo aulize, na asiyejibu aondolewe, hata orodha ikibaki robo.

Lakini wengi waliuliza bila sababu. Utangulizi wa kanuni yenyewe, kifungu cha 171, unasema ridhaa ya zamani iliyotimiza masharti haihitaji kurudiwa. Uingereza, aliyenunua kitu dukani aliweza kutangaziwa bidhaa zinazofanana, mradi alipewa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na katika kila ujumbe. Waliokuwa na kumbukumbu safi wakawafuta watu waliozipenda barua zao, kisa hawakufungua ujumbe mmoja katika msongamano wa wiki ile. Hiyo ni hasara ya bure, na faragha ya mtu haikulindwa hata chembe.

Kuuliza kwenyewe kunaweza kuwa kosa. Shirika la ndege la Flybe liliwatumia watu zaidi ya milioni 3.3 barua ya kuuliza kama taarifa zao ni sahihi, likawavutia kwa droo ya zawadi. Watu hao walikuwa wameshakataa matangazo. Machi 2017 mdhibiti wa taarifa binafsi wa Uingereza akalitoza faini ya pauni 70,000. Naona alifanya haki: aliyekataa ameshajibu, asibishiwe hodi tena.

Kwa hiyo kumbukumbu ndiyo iamue, hofu ikae pembeni. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2019, imemtwika anayekusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha ridhaa. Duka la Nairobi linaloanza orodha leo lihifadhi tarehe na maneno ya fomu tangu mteja wa kwanza.