Alama ya mdomo haitaji kabila

Kuna mwandishi mmoja aliyedai kuwa polisi wataweza kujua kabila la mtu kwa alama ya mdomo iliyobaki kwenye glasi; hapo ametia chumvi. Mgawanyo wa mikunjo ya mdomo wa watafiti Suzuki na Tsuchihashi wa Japani (1970) una mistari wima, yenye matawi, inayokatana, ya wavu na isiyoeleweka. Aina hizo zimo kwa watu wa kila mahali, tena mdomo mmoja hubeba kadhaa. Tafiti zenyewe zinapishana: wengine husoma milimita 10 za katikati ya mdomo wa chini, wengine mdomo mzima.

Shida kubwa iko kazini. Mdomo ni nyama laini. Ukikandamizwa mikunjo inajifunga, ukiburutwa inapinda. Lipstiki nzito huziba kila kitu, ndiyo maana sampuli ya kulinganisha hupakwa nyepesi, ikachukuliwa kwa selotepu na kubandikwa kwenye karatasi nyeupe.

Hiyo glasi ipigwe picha kwanza, taa ikimulika kwa ubavu. Ukikimbilia brashi ya poda unahatarisha vinasaba vya mate, ambavyo mahakamani vina uzito kuliko mikunjo. Kule Illinois, Marekani, mtu alitiwa hatiani 1997, alama ya mdomo kwenye utepe wa gundi ikiwa sehemu ya ushahidi. Baadaye hukumu ikatenguliwa.