Klachi ya upepo ya kuundwa gereji: lawama imewekwa mahali pasipo pake

Katika mbio za dragi za pikipiki, yaani kushindana kwa kasi kwenye mstari mnyoofu, ambako kila kitu huisha ndani ya mita 402 na mara nyingine 201, hakuna sehemu inayolaumiwa na kusifiwa kama klachi. Ndiyo inayoamua kama nguvu ya injini itafika ardhini, itageuka moshi wa tairi, au itainua gurudumu la mbele hadi mwendeshaji alazimike kupunguza mafuta. Kwa hiyo kila fundi anapoeleza kwamba amejiundia klachi inayoendeshwa kwa upepo badala ya vidole, yaani silinda ndogo inayosukuma mkono wa klachi, kitufe kwenye usukani na valvu ya umeme ya kuachia upepo (kitufe kikibonyezwa upepo unaachanisha klachi, kikiachiwa upepo unatoka na springi zinaifanya ishike), hupata majibu mawili yale yale: kwamba ni hatari isiyo na sababu, na kwamba ni kumvua mwendeshaji ufundi wake. Jibu la kwanza lina uzito, ila huelekezwa mahali pasipo pake. La pili, kwa maoni yangu, linatolewa na watu ambao hawajakitazama kifaa chenyewe kikifanya kazi.

Tuanze na hilo la ufundi. Pikipiki nyingi za dragi tayari hubadilisha gia kwa upepo: mwendeshaji anabonyeza kitufe, silinda inasukuma kanyagio la gia, na umeme wa plagi unakatwa kwa kitambo kidogo sana ili meno ya gia yaachie. Mtungi wa upepo upo, mara nyingi umefichwa ndani ya mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Hakuna anayesema kwamba mpanda pikipiki huyo hajui kubadilisha gia. Mfumo huohuo ukihamishiwa kwenye klachi, ghafla unaitwa uvivu.

Ukweli ni kwamba ufundi hauondoki; unahama kutoka kwenye vidole na kwenda kwenye skrubu. Anayeachia klachi kwa mkono anategemea hisia za vidole viwili vinavyovuta springi ngumu huku macho yakiwa kwenye taa ya kuanzia mbio, na leo atateleza kidogo zaidi kuliko jana. Anayetumia upepo huweka kasi ya kuachia kwa valvu ya sindano kwenye njia ya kutokea upepo: akiifunga robo mzunguko klachi inashika polepole, akiifungua inashika kwa pigo. Atalazimika kujua robo mzunguko ile imefanya nini kwenye futi 60 za kwanza, yaani mita 18.3, na kuikumbuka lami ikipata joto mchana. Ieleweke pia kifaa hiki hakifanyi nini: hakimfanyi mtu aione taa mapema. Kidole kinachoachia kitufe bado ni cha binadamu. Kinachosawazishwa ni yale yanayotokea baada ya kidole kuachia.

Katika mbio ambazo kila mmoja hutangaza muda atakaotumia, na anayekwenda haraka kuliko alivyotangaza hupoteza, kurudia jambo lilelile mara kumi bila kubadilika kuna thamani kuliko nguvu za ziada za injini. Hapa ndipo fundi wa gereji anapojifunza jambo ambalo mnunuzi wa kifaa kilichofungwa kwenye boksi anaweza asilijue kamwe.

Chukua silinda yenye kipenyo cha mm 38. Kwa presha ya bar 8 inasukuma kwa nguvu ya takriban kilo 92. Tuseme springi za klachi zinahitaji kilo 51 pale kwenye mkono wa klachi. Nguvu hiyo inapatikana kwenye bar 4.4. Maana yake ni kwamba ukiachia kitufe, klachi haisogei hata kidogo mpaka presha ishuke kutoka 8 hadi 4.4. Ikiwa tundu la kutolea upepo lina ukubwa wa kushusha presha, pamoja na ile bar moja ya angahewa, hadi asilimia 37 ya ilivyokuwa ndani ya milisekunde 100, basi kungoja huko kutachukua kama milisekunde 51, mbali na muda wa valvu yenyewe kufunguka. Katika mwanzo wa taa ambapo njano zote huwaka pamoja na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4, hiyo ni zaidi ya moja ya nane ya muda wote, na imepotea kabla pleti za klachi hazijagusana.

Hilo lenyewe si baya, kwa kuwa ucheleweshaji unaojulikana huweza kuhesabiwa. Ubaya ni pale unapobadilika. Regyuleta, yaani kidhibiti cha presha, ikilegea na presha ikawa 7.5 badala ya 8, kungoja kunashuka hadi karibu milisekunde 45. Pikipiki inayomaliza kwa kilomita 200 kwa saa husafiri zaidi ya sentimita 30 katika tofauti hiyo ya milisekunde 6, na mbio nyingi zimeamuliwa kwa chini ya hapo. Tena kosa hilo laweza kuangukia upande mwingine, kwenye taa nyekundu ya aliyeondoka kabla ya kijani. Mwendeshaji atajilaumu kuwa aliharakisha, ilhali aliyeharakisha ni geji ya presha ambayo hakuitazama.

Kisha kuna mpira wa upepo. Silinda hiyo ikisogea mm 15 inatumia upepo wa sentimita za ujazo 17. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha mm 6 na urefu wa mita moja, kutoka kwenye valvu iliyofungwa chini ya kiti hadi kwenye silinda, una sentimita za ujazo 28. Mpira una upepo mwingi kuliko silinda unayoiendesha! Fundi anayeweka valvu pale penye nafasi, badala ya kuibandika kwenye silinda yenyewe, ameongeza zaidi ya maradufu ya upepo unaopaswa kutoka. Mafundi wa malori wanalijua hili bila hesabu: breki za upepo huwekewa valvu ya kuachia haraka karibu na magurudumu, ili upepo usilazimike kurudi hadi kwenye kanyagio la dereva. Mtu aliyekulia kwenye gereji ya malori ya Mombasa au Dar es Salaam ana nusu ya elimu ya klachi hii mikononi mwake.

Wanaopinga wana hoja moja nzito ambayo haihusu usalama. Klachi yenye vyuma vinavyosukumwa na mzunguko, ambayo hubana pleti zaidi kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, huruhusu springi laini wakati wa kuanza, na vidole viwili vinatosha kabisa. Kwa mwenye mkono mzima, huo ni ufumbuzi mwepesi, hauna waya wala mtungi. Nakubali. Lakini wapo ambao kifundo cha mkono kilivunjika na hakikuunga vizuri, au waliobaki na vidole vitatu, na kwao kitufe kimoja ndicho kinachotenganisha kupanda na kutazama wengine wakipanda. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuwaambia hao kwamba ni wavivu.

Sasa hatari. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki ya treni iliyotumia presha kubana magurudumu. Mpira ukikatika, breki hakuna. Kufikia 1872 alikuwa ameigeuza, ili upotevu wa upepo ndio ubane. Lori la leo limerithi wazo hilo: upepo unaisukuma springi nyuma, na upepo ukitoroka springi inabana na lori linasimama. Klachi ya upepo inafanana nayo kwa umbo, na hapo ndipo mtego ulipo. Nayo pia upepo unashinda springi, na upepo ukitoroka springi inashika. Ila kwenye lori springi inasimamisha, na kwenye pikipiki springi inarusha. Mashine iko kwenye gia, injini inanguruma kwa mizunguko ya kuanzia, mtu amesimama mbele akipanga gurudumu kwenye mstari, na kiungio cha mpira kinachomoka.

Hatari hiyo haitokani na kuundwa nyumbani. Kifaa cha kiwandani kinachotegemea upepo uleule kina mwelekeo uleule wa kuharibika, na waya wa klachi wa kawaida ukikatika hufanya vilevile. Kinachotofautisha ni kama muundaji alijiuliza kitatokea nini upepo ukiisha. Aliyejiuliza ataweka valvu isiyorudisha upepo kati ya mtungi na silinda, ili mtungi ukivuja upepo uliomo kwenye silinda usitoke. Ataunganisha valvu na umeme wa plagi kwenye fyuzi moja, ili fyuzi ikikatika klachi ishike injini iliyokwisha kuzimika. Atapaka povu la sabuni kila kiungio, kama tunavyopima mtungi wa gesi jikoni, na kuketi akilitazama kwa dakika tano kamili.

Mahali ambapo wapinzani wako sahihi moja kwa moja ni mtungi wenyewe. Bomba la plastiki la maji halipaswi kuhifadhi upepo wa presha hata siku moja, kwa sababu likipasuka hurusha vipande vyenye ncha. Gesi ya kaboni dioksidi, ambayo wengine huijaza badala ya upepo wa kawaida, nayo ina presha ya takriban bar 57 kwa nyuzi 20 na bar 72 kwa nyuzi 30, kwa hiyo mtungi uliojazwa asubuhi si uleule saa nane mchana kwenye lami. Mtungi na regyuleta ni vitu vya kununua vikiwa vimepimwa, pamoja na valvu ya usalama. Silinda, mabano, nyaya na marekebisho ni vya fundi.

Kuna pia madaraja ya mashindano yanayokataza vifaa vya aina hii, na huko mjadala haupo. Kwingineko, ningemtaka kila mjenzi auache mkono wa kawaida wa klachi mahali pake, silinda ikisukuma sambamba na waya badala ya kuuondoa, na kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye kiganja kabla ya jaribio la kwanza. Jaribio hilo lifanywe gurudumu la nyuma likiwa hewani, pasiwe na mtu mbele, na mpira wa upepo uchomolewe makusudi.