Kihamba: tuhifadhi nyumba au shamba?

Ukitajwa urithi wa majengo ya Wachagga, wengi hukimbilia msonge: ile nyumba ya duara iliyoezekwa majani mpaka karibu na ardhi, watu upande mmoja, mifugo upande mwingine. Marangu ipo mifano yake, na watalii hulipa kuingia. Nadhani tunaanzia pasipofaa. Wazee walipopata fedha za kahawa walijenga nyumba za pembe nne, wakaezeka mabati, na kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, hakikufa.

Kihamba ni mpangilio. Juu kuna miti ya kivuli, miringaringa na miruka, chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi na maharage. Maji huletwa na mfongo, mfereji wa jadi unaosafishwa kwa zamu. Ng'ombe hulishwa zizini majani na vigogo vya migomba, samadi ikarudi mgombani. Makaburi ya mababu yamo humo humo, mipakani mimea ya masale. Nyumba ilikaa palipobaki nafasi baada ya hayo yote. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilipouingiza mfumo wa Shimbwe Juu, Moshi, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, kilichotambuliwa ni shamba, si paa.

Wahifadhi wana hoja: kwenye miteremko ile, ukiondoa miti na migomba, mvua za masika zinaondoka na udongo. Lakini mwenye kihamba hali kivuli. Baada ya mgawo wa kimataifa wa kahawa, uliopanga kila nchi iuze kiasi gani, kuvunjika mwaka 1989, bei ilianguka na wengi waling'oa mibuni. Ardhi imegawanywa kwa wana wa kiume kizazi hadi kizazi, na vihamba vingi leo havifiki hekta moja. Vijana wako Dar na Arusha. Anayebaki kukata majani ya ng'ombe mara nyingi ni mama mzee. Kumkataza asiuze mbao za mringaringa wake ni kumtwisha gharama za urithi wa wote. Isitoshe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ilhali mila tunayoisifu bado humpa kihamba mtoto wa kiume. Wanaoisifu hulipita hilo kimya kimya.

Nisiloweza kulitetea ni jumba la ghorofa lenye geti, uwanja wote umemwagwa saruji ili magari yapate pa kulala Desemba, watu wanaporudi mlimani kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama wanavyotania, kisha kufuli hadi mwaka ujao. Hapo migomba haikukatwa kwa sababu ya bei ya kahawa. Mwenye jumba hilo ana uwezo wa kumlipa mkata majani na kuchangia ukarabati wa mfongo, na ndiye angepaswa kubanwa kwanza, kabla ya yule mama. Kama halmashauri itatunga kanuni moja tu, ningependa iwe hii: ghorofa jenga hata tatu, ila saruji isivuke kuta za nyumba zaidi ya njia ya gari moja.