Lehemu, ukoo na endometriosisi: kipimo gani kinafaa?

Kipimo cha lehemu, yaani kolesteroli, hakigundui endometriosisi. Tunaanza na hilo ili mwanamke wa Nairobi anayejikunja kwa maumivu kila mwezi asitumie akiba yake ya uchunguzi mahali pasipo na jibu.

Hata hivyo, wanaohusisha mambo haya mawili hawajakurupuka. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye matumbo, mara chache hata kifuani, kama ilivyomtokea mtangazaji Njambi Koikai aliyefariki Juni 2024. Tishu hizo hulishwa na homoni ya kike, estrojeni, na estrojeni hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Vidonda vyenyewe vina vimeng'enya vya kuifanya kazi hiyo papo hapo.

Utafiti ulioanza 1989 ukifuatilia wauguzi zaidi ya 116,000 wa Marekani ulionyesha kwamba wenye lehemu nyingi walikuwa na uwezekano wa kugunduliwa na ugonjwa huu uliozidi wa wenzao kwa asilimia 22 hivi. Tusitishike. Ikiwa wanawake 10 kati ya 100 wanaugua, ongezeko hilo linatufikisha 12. Tena utafiti huohuo ulikuta kinyume chake pia: waliokwisha kuugua ndio waliopata lehemu nyingi baadaye, kwa asilimia 25 zaidi. Kipi kilitangulia? Uvimbe wa muda mrefu mwilini unaweza kuvuruga mafuta ya damu, na matibabu nayo yana mchango wake. Danazoli, dawa ya homoni inayotumika kutibu ugonjwa huu, hupunguza lehemu nzuri, HDL, na kupandisha mbaya, LDL. Kuondolewa ovari mapema nako hupandisha LDL. Kwa maoni yetu, lehemu ni jambo la kuangaliwa kwa ajili ya moyo wa mgonjwa, si kwa kutabiri ugonjwa.

Urithi una uzito mkubwa zaidi. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya wanawake katika kuupata ugonjwa huu inatokana na jeni. Lakini hakuna jeni moja yenye hatia. Uchambuzi wa 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 60,000, ulipata sehemu 42 za jeni, kila moja ikichangia kidogo tu. Watu hao walikuwa na asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Kwa hiyo alama ya hatari inayokokotolewa kutokana na jeni zilizomo katika mate ya binti wa Kayole au Kawangware inalinganishwa na watu wasio wa ukoo wake. Hatuoni sababu ya kuilipia.

Kipimo cha bure ni kuuliza nyumbani, na hapa wengi huishia kwa mama. Jeni huja kwa baba vilevile, kwa hiyo shangazi na nyanya wa upande wa baba waulizwe pia. Swali lisiwe "ulikuwa na endometriosisi?", kwani wengi wao hawakuwahi kuambiwa jina hilo. Uliza: hedhi ilikulaza kitandani? Ulichelewa kushika mimba? Ulitolewa nyumba ya mtoto, na kwa nini?

Ukipima lehemu kwa ajili ya moyo, pima sawasawa. Mtu akinywa chai ya maziwa na mandazi stejini kabla ya kuingia maabara, trigliseridi, yaani aina nyingine ya mafuta ya damu, hupanda. Maabara nyingi hukokotoa LDL kwa kutoa HDL na sehemu ya trigliseridi kwenye jumla ya lehemu, kwa hiyo LDL husomeka chini kuliko ilivyo. Trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kwa lita, hesabu hiyo haiaminiki kabisa. Kaa saa 9 hadi 12 kwa maji matupu, na utaje dawa za homoni unazotumia. Angalia pia kizio: jumla ya lehemu ya milimoli 5.2 kwa lita ni sawa na miligramu 200 kwa desilita.

Kwa daktari wa wanawake peleka majibu ya ukoo pamoja na daftari la miezi mitatu: siku za maumivu, maumivu wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, na dawa ulizomeza. Ultrasaundi ikitoka safi, vidonda vidogo vya juujuu bado vinaweza kuwepo. Muulize kama dawa za homoni zinaweza kuanzishwa kwa kutegemea dalili, bila kungoja laparoskopi, yaani upasuaji wa tundu dogo wa kuchungulia tumboni kwa kamera.