Uhuru wa Brazil haukuanzia kwenye kalamu ya Isabel
Makala inadai kwamba watumwa wa Brazil walipewa uhuru na Binti Mfalme Isabel alipotia saini sheria ya tarehe 13 Mei 1888, nami silikubali hata kidogo neno hilo "walipewa". Mwaka 1881 mabaharia weusi na machotara wa Fortaleza, waliokuwa wakiendesha jangada, yaani vyombo vya magogo yaliyofungwa pamoja na kutwekwa tanga moja, waligoma kuwavusha watumwa kutoka ufukweni hadi kwenye meli zilizotia nanga, na ilipofika 1884 jimbo lao la Ceará lilikwisha kuufuta utumwa. Sheria ya 1888 yenyewe ilikuwa na vifungu viwili tu, wala haikuwapa waliotumikishwa ardhi au fidia yoyote. Wasomaji wenzangu, nani kati yenu aliyefundishwa shuleni habari za mabaharia hao?