Panya walipimwa baadaye

Ketamini tunaifahamu huku kwetu. Katika hospitali nyingi za wilaya ndiyo nusukaputi ya kutegemewa, kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe bila mashine ya gharama. Macho yako wazi, lakini mwenyewe hayupo, kana kwamba akili imeachana na mwili. Tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ninayemlalamikia ni binamu yake, methoksetamini, aliyezuka kwenye maduka ya mtandaoni Uingereza mwaka 2010. Waliotengeneza waliing'oa klorini ya ketamini, wakapachika kundi la methoksi, na mkia wa methili kwenye naitrojeni wakaugeuza ethili. Basi, kisheria kikawa kitu kingine. Pakiti iliandikwa "kemikali ya utafiti, si kwa matumizi ya binadamu", na muuzaji na mnunuzi wote walijua ni mzaha.

Kilichonikera zaidi ni tangazo. Walevi wa ketamini walikuwa wakiharibikiwa kibofu, wengine wakikojoa damu, kwa hiyo methoksetamini ikanadiwa kuwa rafiki wa kibofu. Nani alikuwa amepima? Hakuna. Wanasayansi walipokuja kuwapa panya, vibofu na figo vilidhurika. Wakati huo watu walikuwa wameshajipima wenyewe, kwa pesa yao.

Tena methoksetamini huchelewa kupanda kichwani. Asiye na subira huongeza, halafu vyote vinamfika kwa mkupuo. Huziba vipokezi vya glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, kama ketamini, lakini pia huzuia serotonini, mjumbe mwingine wa ubongo, isirudishwe ndani ya seli, jambo la hatari kwa anayemeza dawa za sonona, kwa kuwa nyingi nazo huongeza serotonini. Madaktari walipokea watu wanaopepesuka, macho yakichezacheza, mapigo ya moyo juu. Wengine walipepesuka kwa siku kadhaa.

Uingereza iliipiga marufuku ya muda Aprili 2012, ikiwa ya kwanza chini ya utaratibu mpya wa kuzuia haraka dawa zinazozuka, kisha ya kudumu Februari 2013. Umoja wa Mataifa ulifuata 2016. Binamu wengine walishaanza kuingia sokoni, kila mmoja na atomi yake iliyohamishwa.

Ila ketamini yenyewe isiponzwe na ukoo. Mwaka 2015, pendekezo la kuiweka chini ya udhibiti wa kimataifa lilipofika kwa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, walilikataa, wakihofia upasuaji kwenye nchi maskini. Hapo walitukumbuka.