The Kick Inside: Tatizo si sauti, ni akiba

Ukiitaja The Kick Inside, albamu ya kwanza ya mwimbaji Mwingereza Kate Bush, watu wanakimbilia ile sauti yake nyembamba. Kwangu sauti ndiyo jambo dogo. Albamu hii ya Februari 1978 imesimama kwa sababu binti wa miaka 19 aliingia studio na shehena ya nyimbo alizokuwa akizitunga tangu utotoni, na EMI, kampuni yake ya rekodi, walikuwa wamempa muda wa kuziivisha. Nyimbo 13, zote zake.

Anza na "The Man with the Child in His Eyes". Ulirekodiwa Juni 1975, studio za AIR, London, akiwa na miaka 16, kwa msaada wa David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd. Piano iko mbele na okestra inaifuata piano.

Nyimbo nyingine karibu zote zilirekodiwa 1977 na wapigaji wa studio, mafundi kwelikweli, ila wakati mwingine ufundi unazidi. Kwenye "James and the Cold Gun" gitaa na ogani zinaziba kila upenyo ambao piano ingeuacha wazi. Unabaki na roki ya kawaida.

Na eti huo ndio EMI walitaka uwe singo ya kwanza! Bush akang'ang'ania "Wuthering Heights". Ukakaa namba moja Uingereza wiki 4, na hakuna mwanamke aliyewahi kufika pale na wimbo aliojitungia mwenyewe kabla yake. Usikilize kwa sikio la fundi: ubeti uko kwenye ufunguo wa A (yaani noti ya A ndiyo nyumbani kwake), kiitikio kinarukia D-fleti, ufunguo usio jirani hata kidogo, halafu katikati ya vipimo vya mapigo manne vinachomekwa vifupi zaidi. Wanaouimba kwenye karaoke huanguka hapohapo, wanasubiri pigo ambalo halipo. Sauti ya juu wengi wanaiweza.

Kisha ikaja pupa. Lionheart, albamu yake ya pili, ilitoka Novemba mwaka uleule: nyimbo 10, mpya 3 tu, zilizobaki za akiba ileile. Ina nyimbo nzuri, lakini kuna sehemu unasikia kabisa mwiko ukikwangua sufuria. Ya tatu, Never for Ever, ilisubiri hadi Septemba 1980, na safari hiyo Bush mwenyewe alikuwa mmoja wa maprodyuza wawili.